UZI: Muhula mmoja nje ya nchi, mbona wengi wanarudi bila rafiki mwenyeji hata mmoja?

#1 Mwanagenzi
Wakuu habari. Nimechaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja nje kuanzia mwezi wa tisa, kwa hiyo siku hizi kazi yangu ni kuwahoji waliotangulia. Kila nnayemuuliza anasifia, ooh nimefunguka macho, ooh nimekua, picha za theluji kama zote. Sawa. Ila nikiuliza nitajie mwenyeji mmoja wa kule ambaye mpaka leo mnapigiana simu, kimya. Nnatajiwa Mbrazili, Mkorea, Mturuki, Mhispania, dunia nzima isipokuwa raia wa ile nchi aliyoenda. Mmoja alikaa Ufaransa muhula mzima na Mfaransa pekee anayemkumbuka kwa jina ni mama wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Hoja yangu ni kwamba muhula mmoja nje ni kwenda kufahamiana na wageni wenzako kwenye nchi ya watu. Mwenye ushahidi tofauti alete. Na kama ni kweli, sababu ni nini?

#2 KuroTatu
Malazi mkuu, usitafute mchawi. Chuo kinachokupokea kina jengo au korido zake za watu wa muhula mmoja, mnamwagwa humo wote, wenyeji wana nyumba zao walizopanga tangu mwaka wa kwanza na wenzao. Sisi kwenye jiko letu kila shelfu ya friji ilikuwa na kipande cha karatasi ya gundi chenye jina la mtu, na ukisoma yale majina ni mkutano wa Umoja wa Mataifa, mwenyeji hayupo. Sasa utampata wapi wakati hata kijiko chake hujawahi kugombania?

#3 Ndimu Chachu
KuroTatu acha kusingizia jengo 😂 nakujua wewe, ulikuwa unajifungia chumbani unaangalia mpira wa ligi na grupu la WhatsApp la nyumbani. Ungepangiwa ikulu ungetoka na marafiki walewale.

#4 KuroTatu
Ndimu ungekuwa karibu ningekufuata. Mpira niliangalia na Wareno, kwa taarifa yako.

#5 Nahodha_K
Mimi ntaleta hesabu, nyie endeleeni na utani. Kuna Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, mwaka 2018 alitoa utafiti kuhusu muda unaohitajika watu kuwa marafiki. Akakuta ni kama saa 50 mkiwa pamoja mtoke kwenye kujuana juu juu hadi urafiki wa kawaida, kama saa 90 muwe marafiki hasa, na zaidi ya 200 kwa rafiki wa karibu.

Sasa chukueni muhula. Tuseme wiki 15 za vipindi. Darasa moja saa mbili kwa wiki, hizo ni saa 30 umekaa jirani na huyo mwenyeji, na zote mnamsikiliza mwalimu. Saa 50 hujafika muhula umeisha, yeye anakwenda likizo wewe unakwenda uwanja wa ndege. Ila yule Mbrazili wa jikoni mnakaa pamoja kwenye jiko kila jioni kwa muda wa saa mbili tatu, wiki ya tano mshafika 90. Hamna siri hapo, ni saa tu.

#6 Ndimu Chachu
Kwa hiyo mimi na jamaa niliyekaa naye chumba kimoja miaka mitatu tulipaswa kuwa ndugu wa tumbo moja. Hatusalimiani.

#7 DadaMaktaba
Nahodha hesabu yako nzuri lakini umeacha kipande. Huyohuyo Hall alisema sio kila saa ina uzito sawa, saa za kufanya kazi pamoja au za kulazimika kukaa sehemu moja hazisogezi sana, zinazosogeza ni zile mnazokaa kwa hiari mnapiga soga, mnataniana, mnaulizana habari za maisha. Kwa hiyo zile 30 zako za darasani punguza, zinaweza kuwa karibu na sifuri. Na Ndimu jibu lako ndio hilo pia, hamkuchaguana.

Na tuseme tu kwamba aliwahoji watu wazima waliohamia mji mpya na wanafunzi wa mwaka wa kwanza Marekani, hakuwahoji watu wa muhula mmoja, kwa hiyo tusiibebe kama msahafu.

#8 Mpitanjia
Mimi nlikuwa Ubelgiji, Leuven. Mji mdogo, chuo kikubwa, kila kona ni mwanafunzi, ukiwa mgeni unasema hapa nikikosa rafiki nitakuwa nimerogwa. Jumatatu mpaka Alhamisi mji unachemka. Ijumaa mchana sasa toka nje uone, watoto wa watu wanaburuza masanduku yenye magurudumu kuelekea stesheni, kelele ya yale magurudumu kwenye barabara ya mawe utadhani mvua ya kokoto. Wote wanakwenda kwao, na ndani ya masanduku ni nguo chafu za wiki nzima zinapelekwa kwa mama. Wanarudi Jumapili usiku. Sasa mgeni ndo Jumamosi na Jumapili yuko huru anatafuta mtu wa kuzunguka nae, mji mzima wamebaki nani? Wageni wenzie. Nchi ndogo treni zinafika kila mahali, mtu hana sababu ya kubaki. Kwa hiyo mimi sikubali sana habari ya jengo maana kwenye jengo letu wenyeji walikuwepo, ila walikuwepo siku za kazi.

#9 Bandiko
Mnazunguka, ni lugha. Wengi mnaenda kusoma kwa Kiingereza kwenye nchi isiyo ya Kiingereza. Chuo kinafungua kozi kadhaa za Kiingereza ili wageni waje, wenyeji wengi wanasoma kozi zao kwa lugha yao, kwa hiyo hata darasani mnakuwa mmetengwa kabla hamjasalimiana. Halafu hata ukialikwa mezani. Mko sita, wewe mgeni mmoja, wote wanaongea Kiingereza kwa ajili yako, dakika kumi za kwanza safi. Kisha mmoja anakumbuka kituko, kituko hakinogi kwa Kiingereza, anakitoa kwa lugha yake, meza nzima inaangua kicheko, mwenzio wa pembeni anakutafsiria kwa sentensi moja kavu, na wewe unacheka kwa adabu. Mara tatu namna hiyo utaenda mwenyewe kwa yule Mturuki ambaye Kiingereza chake kibovu kama chako na mnaelewana bila jasho.

#10 KuroTatu
Bandiko hapo kwenye kucheka kwa adabu umenigusa aisee

#11 Tembo Mdogo
Naona watu wanaogopa kusema. Rangi. Kuna sehemu unakaa kwenye basi siti ya pembeni yako inabaki wazi watu wamesimama. Kuna kazi za makundi darasani, mwalimu anasema gawaneni, unashtukia makundi yote yamejaa umebaki wewe na mgeni mwenzio. Msiniambie ni treni za Ijumaa.

#12 Nahodha_K
Tembo sikatai kabisa, nimeyaona. Ila basi elezea hili, Wajerumani waliokuja Italia kwa muhula mmoja nao walilia hivyohivyo, hawakuwa na Mwitaliano hata mmoja, wanatembea na Wajerumani na Waholanzi mpaka mwisho. Hao rangi haikuwazuia.

#13 Tembo Mdogo
Wao walikosa kwa sababu moja, mimi nikakosa kwa sababu hiyo na nyingine juu yake. Mbona sio ngumu. Ugonjwa mmoja haumfukuzi mwingine.

#14 DadaMaktaba
Tembo yuko sahihi, hizi sababu hazigombanii kiti kimoja. Hilo la makundi darasani nimelishuhudia mwenyewe. Mwalimu mmoja alilimaliza kwa kupanga makundi yeye kwa orodha, malalamiko yakaisha siku hiyohiyo.

#15 KuroTatu
Na hii mipango ya kubadilishana imeanza juzi tu jamani, Erasmus ya Ulaya yenyewe ni ya 97, wenyeji hawajazoea wageni wa muda mfupi. Tuwape muda.

#16 Profesa_Mstaafu
Kijana KuroTatu, Erasmus ilianza 1987, sio 97. Mwaka ule wa kwanza walikwenda wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11. Kwa hiyo wenyeji wamekuwa na muda wa kutosha wa kuzoea, na baadhi yao ni watoto wa watu waliokutana kwenye mpango huohuo.

Swali la mleta uzi ni la zamani kuliko mnavyodhani. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard wa Norwei aliandika kuhusu Wanorwei 200 waliokwenda Marekani kwa Fulbright, ule ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani. Alikuta waliokaa chini ya miezi 6 walikuwa wanajiona wako sawa, waliokaa zaidi ya miezi 18 nao wako sawa, waliokaa katikati ya hapo ndio walikuwa na hali mbaya. Ukichora unapata herufi U. Maelezo yake yalikuwa kwamba mwanzoni mtu anaridhika na mahusiano ya juu juu, baadaye anataka ya ndani, anakwama kwa kuwa hana njia ya kuyafikia, ndipo anaposononeka, na akivumilia anayapata. Sasa mwanafunzi wa muhula mmoja anaondoka wakati bado anaridhika na ya juu juu. Hajafika hata kwenye hatua ya kumkosa rafiki mwenyeji. Ndiyo maana wote mnaowahoji wanasifia.

Tafiti za baadaye zimeupinga huo mchoro, wengine wakakuta watu wanasononeka tangu wiki ya kwanza na sio katikati, kwa hiyo uchukueni kwa tahadhari. Lakini lile la mahusiano ya juu juu bado naliona lina maana.

#17 Ndimu Chachu
Shikamoo mwalimu. Kwa hiyo kwa kifupi Mwanagenzi ataondoka kabla hajachoka. Hiyo ni raha sio tatizo, uzi ufungwe.

#18 Profesa_Mstaafu
Marahaba. Usifungwe, bado.

#19 Bandiko
Mwalimu shikamoo. Ila mimi nilisononeka wiki ya pili, sio katikati wala nini. Ile ya kwanza kuna orientesheni, mnachezeshwa michezo, mnatembezwa mji, kila mtu anakuongeza kwenye simu yake. Wiki ya pili vipindi vimeanza na yale majina yote kwenye simu hayakupigii. Huo mchoro wangu ni herufi L.

#20 Kisebusebu
Nimechelewa ila mimi ndo ushahidi tofauti mnaoutaka. Nlisoma Uppsala, Uswidi, muhula wa kwanza wa mwaka. Pale kuna vyama vya wanafunzi wanaviita nationer, viko 13, ni vya zamani sana, kila kimoja kina jumba lake, mgahawa, kwaya, disko, hadi vyumba vya kupangisha. Mgeni wa muhula mmoja unajiunga kama mtu mwingine yeyote. Na vinaendeshwa na wanafunzi wenyewe, kwa hiyo kila siku wanatafuta mikono jikoni.

Mimi sikwenda disko, nlienda kuosha vyombo. Unavaa aproni, mvuke umejaa usoni, kuna mashine ya kuoshea inayopiga kelele kiasi kwamba hamwezi kuongea ila kwa kupigana mabega na kuonyeshana vidole, na Mswidi ambaye barabarani hakuangalii usoni hapo anakurushia taulo anacheka. Kazi ikiisha mnakula pamoja saa sita usiku mmechoka wote. Hapo hata lugha wanaisahau wanabaki kwenye Kiingereza bila kujilazimisha. Wawili kati ya wale tunaongea mpaka leo na mmoja alinialika harusi yake.

Kwa hiyo DadaMaktaba, hiyo habari kwamba saa za kazi hazihesabiki, hapo mimi nabisha. Zangu zilihesabika.

#21 DadaMaktaba
Ulikwenda kwa hiari lakini, na mlikula pamoja baada ya kazi. Nadhani tunasema kitu kimoja.

#22 Kisebusebu
Hatusemi kitu kimoja. Mlo ulikuwa nusu saa, vyombo vilikuwa masaa. Walinizoea kwenye vyombo.

#23 KuroTatu
Harusi bwana 😅 sisi wengine hata sikukuu za kuzaliwa hatukualikwa

#24 Mpitanjia
Ila Kisebusebu kumbuka sio kila nchi ina hivyo vyama, Uswidi ina Uppsala na Lund zenye utamaduni huo na Finland nao wana vyao kidogo. Ukienda chuo ambacho saa kumi jioni geti limefungwa kila mtu kapanda basi kwao utaosha vyombo vya nani?

#25 Mwanagenzi
Asanteni sana wakuu, mwalimu shikamoo. Kisebusebu umenipa moyo. Ila kwa ratiba ya kuosha vyombo usiku, masomo yalikuwaje? Maana mimi nnahofia maksi pia, nasikia watu wanarudi zimeshuka.

#26 Kisebusebu
Uswidi ratiba yake nyepesi kwa macho, nzito kwa kusoma. Muhula ni krediti 30 lakini mara nyingi unachukua kozi moja moja, krediti 7.5 kwa wiki kama tano, mtihani, inayofuata. Vipindi vichache, kusoma mwenyewe kwingi. Mtu aliyezoea kukaa darasani kutwa anadhani yuko likizo, wiki ya nne anashtuka.

#27 Nahodha_K
Na hizo krediti ndo kipimo, krediti moja ya ECTS, yaani mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya, ni saa 25 hadi 30 za kazi ukijumlisha kila kitu, darasani, kusoma, kuandika. 30 kwa muhula, 60 kwa mwaka. Ukiona kozi ina krediti 6 na vipindi viwili kwa wiki usifurahi, zile saa nyingine ziko pahala zinakusubiri.

#28 KuroTatu
Maksi zilinitia aibu mimi. Nlikuwa Ujerumani, nkarudi na 1.7 kwenye somo gumu kuliko yote, nkaipeleka ofisini kwetu kwa mbwembwe. Karani kaiangalia kaniangalia, kaguna. Kaingiza kwenye mfumo kama GPA ya 1.7. Nimekaa muhula mzima barua ya kuonywa kitaaluma ipo kwenye faili langu.

#29 Ndimu Chachu
🤣🤣🤣🤣 si ulifeli kweli, 1.7 kati ya 5

#30 DadaMaktaba
Ndimu usipotoshe. Ujerumani namba inavyokuwa ndogo ndo nzuri, 1.0 ni ya juu kabisa, 4.0 ndo mwisho wa kufaulu, 5.0 umeanguka. 1.7 ni nzuri. Na kila nchi ina yake, Italia ni kati ya 30 na unafaulu kwa 18, ukiwa bora kupita kiasi wanakupa 30 na sifa juu yake. Ufaransa ni kati ya 20, kufaulu 10. Denmark ndo vituko, ngazi saba zinaanzia kwenye hasi tatu mpaka 12, na 02 ndo kufaulu.

#31 Ndimu Chachu
Hasi tatu!! Yaani unafeli mpaka unadaiwa

#32 Nahodha_K
Kuna fomula ya Wajerumani ya kubadilisha maksi za nje ziwe zao, wanaiita ya Bavaria. Unachukua maksi ya juu kabisa ya mfumo toa maksi ya mtu, unagawanya kwa maksi ya juu toa maksi ya kufaulia, unazidisha kwa 3 unajumlisha 1. Sasa mpe mtu wa Ufaransa aliyepata 14 kati ya 20. 20 toa 14 ni 6, gawa kwa 10, mara 3, jumlisha 1, unapata 2.8. Kwa Mjerumani hiyo ni ya wastani. Kule Ufaransa 14 wanakuandikia "bien", yaani vizuri, na kuanzia 16 ndo "très bien", vizuri sana, za 19 na 20 ni nadra kuziona. Fomula haijui kwamba mwalimu wa Kifaransa ni mchoyo, inadhani maksi zimesambaa sawasawa. Kwa hiyo mtu mmoja, karatasi ileile, anashuka kwa kuvuka mpaka tu.

#33 Profesa_Mstaafu
Ndiyo maana vyuo vingi vinachukua muhula wa nje kama "amefaulu" bila kuingiza maksi kwenye wastani. Mwanagenzi, uliza chuo chako kabla hujaondoka, na upate jibu kwa maandishi. Vilevile orodha ya kozi mlizokubaliana isainiwe na pande zote tatu, wewe, chuo chako na kinachokupokea. Ukifika ukakuta kozi imefutwa, na hufutwa, badilisha ile orodha wiki za mwanzo, usingoje mtihani.

#34 Mpitanjia
Italia kuna raha moja, mitihani mingi ni ya mdomo, unakaa mbele ya profesa anakuuliza anakupa maksi palepale, na ukiona ndogo una haki ya kuikataa urudi awamu nyingine. Wenyeji wanakataa 24 bila woga. Mgeni wa muhula mmoja anakubali yoyote maana tiketi imeshakatwa.

#35 Bandiko
Na ndo hapo maksi zinaposhuka jamani, sio fomula wala nini. Awamu nyingine ya mtihani ipo wewe haupo. Mwenyeji ana mitihani ya marudio, wewe una ndege.

#36 Tembo Mdogo
Au mtu hakusoma. Tuseme na hilo. Wengine walikuwa miji minne kwa mwezi, basi la usiku, nauli rahisi, wikiendi Prague wikiendi Lisbon. Rafiki mwenyeji utampata saa ngapi na wewe hukai kwenye nchi yake?

#37 KuroTatu
😶

#38 Ndimu Chachu
Kimya hicho kimesema mengi. Kwa hiyo KuroTatu sio friji, ni Prague.

#39 KuroTatu
Nlienda na watu wa kwenye friji sasa.

#40 Mwanagenzi
Hahaha. Hebu na hili, jamaa kaniambia muhula ni miezi mitatu na kitu, nichukue tu viza ya kutembea ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, nisihangaike na ile ndefu. Kweli?

#41 DadaMaktaba
Hapana hapana. Schengen ya kawaida ni siku 90 ndani ya kila siku 180, muhula na mitihani yake unazidi. Unaomba viza ya taifa ya muda mrefu, ile aina D, kwenye ubalozi wa nchi husika, na nyingine zinataka kibali cha ukaazi ukishafika. Ujerumani kwa mfano ukihamia kwenye nyumba unatakiwa ujiandikishe anwani ndani ya wiki mbili, na ubalozi unataka uonyeshe hela ya kujikimu, kama sio ufadhili basi akaunti maalumu iliyofungwa inayokutolea kiasi kila mwezi.

#42 Bandiko
Uingereza ni tofauti na hapo, kozi isiyozidi miezi 6 kwenye chuo kinachotambulika unaweza kuingia kama mgeni wa kawaida, ila kazi marufuku, hata ya saa moja. Ukitaka kuosha vyombo kama Kisebusebu kwa malipo utarudishwa 😄

#43 Nahodha_K
Angalia na kalenda. Ujerumani vyuo vikuu muhula wa baridi kwenye karatasi ni tarehe 1 Oktoba mpaka 31 Machi, vipindi vinaanza katikati ya Oktoba, mitihani Februari. Kama chuo chako kinafungua Januari au Februari utakuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Wengine wanaomba mtihani wa mapema Desemba, profesa akikataa huna la kufanya. Japani ndo usiseme, mwaka wao wa masomo unaanza Aprili.

#44 Mpitanjia
Tukirudi kwenye mada, mimi naona hakuna aliyegusa upande wa mwenyeji. Jiwekeni nafasi yake. Una marafiki zako wa tangu sekondari, kila Septemba linakuja kundi jipya la wageni, wanacheka, wanapiga picha, Januari wameondoka. Februari kundi jingine. Wa kwanza ulimpenda akaondoka, wa pili akaondoka, wa tatu utamuuliza hata jina? Kule Leuven jamaa mmoja aliniambia wazi, ukikaa mwaka nitafute.

#45 Tembo Mdogo
Ukamtafuta?

#46 Mpitanjia
Nlikuwa na muhula mmoja bwana.

#47 Profesa_Mstaafu
Hilo la Mpitanjia lina uzito. Stephen Bochner na wenzake mwaka 1977 waliandika kwamba mwanafunzi wa kigeni huwa na duara tatu, watu wa kwao kwa ajili ya kujisikia nyumbani, wageni wengine kwa ajili ya burudani, na wenyeji kwa ajili ya shughuli, masomo, makaratasi. Kama ndivyo, basi mwenyeji anatafutwa akiwa na faida, na yeye analijua hilo. Huyo aliyesema ukikaa mwaka nitafute huenda alichoka kuulizwa ofisi ya usajili iko wapi.

#48 Kisebusebu
Mwalimu hapo umemaliza. Wale wa jikoni kwangu sikuwaomba kitu. Wao ndo walikuwa wananiomba nisikose zamu.

#49 Ndimu Chachu
Haya tumefika wapi sasa, jengo, saa, treni, lugha, rangi, Prague, kuchokwa, vyombo. Mwanagenzi chagua kimoja uende nacho.

#50 DadaMaktaba
Na simu. Hamjaitaja tangu post ya 3 na Ndimu aliitaja kwa utani. Zamani ukifika kule umefika, barua wiki tatu. Sasa mwili uko kule, maongezi yote ya jioni yako nyumbani, mtu anajua nani kaposwa mtaani kwao kuliko jina la aliyekaa nae darasani. Sisemi msiongee na wazazi.

#51 Bandiko
Nusu ya uzi huu umeandikwa na watu walioko nje sasa hivi saa nne usiku badala ya kuongea na wenyeji 😂

#52 Tembo Mdogo
Mwenyeji wangu amelala, kesho ana kazi.

#53 Mwanagenzi
Nimesoma zote. Leo nimeletewa fomu ya malazi, kuna chaguo mbili, jengo la wanafunzi wa kimataifa karibu na chuo chumba na choo ndani, au chumba kwenye nyumba ya wanafunzi mchanganyiko mbali kidogo, jiko na choo mnachangia watu wengi. Ya kwanza ina nafasi ya uhakika, ya pili ni foleni. Mnasemaje?

#54 KuroTatu
Ya pili.

#55 Bandiko
Ya kwanza, unaenda kusoma. Foleni ikikukosa utalala wapi wiki ya kwanza?

#56 Mpitanjia
Ya pili, ila uliza kwanza wenyeji wa nyumba hiyo wikiendi wanabaki au wanaondoka.

#57 Ndimu Chachu
Choo mnachangia watu wengi, hapo saa 200 za Nahodha utazimaliza kwenye foleni ya asubuhi.

#58 Kisebusebu
Ingia foleni ya pili huku umeishikilia ya kwanza kama wanaruhusu, soma masharti ya kujitoa, zingine wanakata malipo ya dhamana. Na ule uthibitisho wa malazi utauhitaji kwenye viza, kwa hiyo usisubiri mpaka mwezi wa nane. Ukipata jibu lete humu.